Laini Ndefu Kwenye Shoo: Hesabu Kabla ya Kupanga

Huku kwetu hakuna zile bustani kubwa za michezo ya mashine tunazoziona kwenye televisheni. Lakini tuna shoo. Kwa watoto wengi wa Kericho na Bomet, mara ya kwanza kupanda gurudumu kubwa au merigoraundi ni kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK, iwe ni Kisumu pale Mamboleo, Nakuru, au Nairobi pale Jamhuri. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1901 kwa ajili ya wakulima na mifugo yao, lakini muulize mtoto wa darasa la nne alienda shoo kuona nini. Hatakutajia fahali. Atakwambia bembea.

Mzazi wake naye atakwambia laini. Laini ya kuingia, laini ya kulipa, laini ya kupanda, halafu laini ya matatu ya kurudi nyumbani. Katikati ya hizo laini zote ndipo pesa hupotea: mtu analipa mara mbili, anatuma kwa namba isiyo yake, au anaonyesha PIN kwa watu kumi waliosimama nyuma yake.

Tunachotaka kukwambia leo ni hiki: laini inahesabika kama pesa. Ukijua kuihesabu, unaamua mapema kama inakufaa, na hutalazimika kufanya jambo lolote la pesa kwa pupa.

Mizani ni moja, magunia ni mengi

Kama unachuna chai, tayari unaijua hesabu hii. Pale kituo cha kupimia majani kuna mizani moja na karani mmoja. Hata wakulima waje hamsini, mizani haipimi magunia mawili kwa wakati mmoja. Walio huku chini kwenye miwa wanajua hadithi ile ile kwa trekta: kiwanda kinapokea kwa kasi yake, na trela zinasubiri nje.

Aliyeanza kuliweka jambo hili kwenye hesabu alikuwa mtu wa simu. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyefanya kazi na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha utafiti wake mwaka 1909. Alikuwa anataka kujua laini ngapi za simu zinahitajika ili wapigaji wasisubiri sana. Baadaye, mwaka 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni rahisi ambayo hadi leo inatumika kila mahali watu wanaposubiri, kuanzia benki hadi hospitali. Ukiitaka kwa lugha ya shoo, ni hii: chukua idadi ya watu walio mbele yako, gawanya kwa idadi ya wanaohudumiwa kila dakika. Utapata dakika utakazosubiri.

Hesabu ya kufanya kabla ya kusimama

Kabla hujajiunga na laini yoyote ya bembea, simama pembeni na utazame mzunguko mmoja tu. Tumia saa ya simu yako. Anza kuhesabu mashine inapoanza kuzunguka, na usimamishe inapoanza tena na kundi jingine. Usisahau muda wa kushuka na kupanda, maana mara nyingi huo ndio mrefu kuliko kuzunguka kwenyewe.

Tuseme gurudumu lina vibanda 12, kila kimoja watoto wawili. Hao ni watoto 24 kwa mzunguko. Mzunguko mmoja, pamoja na kushuka na kupanda, umechukua dakika 6. Maana yake ni watoto 4 kila dakika. Sasa tazama laini: ukikuta watu 96, utasubiri dakika 24. Ukikuta 240, ni saa nzima.

Hapo unaweza kuamua kama mtu mzima. Dakika 24, sawa, tusubiri. Saa nzima juani na mtoto wa miaka mitano, hapana. Twende tukaone ng'ombe kwanza, turudi baadaye.

Angalizo moja: usihesabu waliosimama peke yao. Mara nyingi mama mmoja amesimama kwenye laini na watoto wake wanne wako kivulini wanakula mahindi. Ikifika zamu yake wote watatokea. Kwa hiyo tupa jicho na pembeni pia.

Kwa nini saa nne na saa nane ni tofauti sana

Laini ya bembea haikui polepole. Inakaa fupi, inakaa fupi, halafu ghafla unakuta imezunguka hadi kwenye vibanda vya soda. Si bahati mbaya.

Rudi kwenye gurudumu letu la watoto 4 kwa dakika. Kwa saa moja linabeba 240. Wakija watoto 200 kwa saa, mambo ni shwari. Lakini wakianza kuja 300 kwa saa, kila saa wanabaki 60 ambao hawajapanda. Kama hali hiyo imeanza saa tano asubuhi, ikifika saa nane kuna watoto 180 kwenye laini, na wewe unayefika saa hiyo unasubiri dakika 45. Mashine ni ile ile, na mwenye mashine hajazembea. Umechelewa tu kufika.

Basi ushauri ni wa kawaida lakini una hesabu nyuma yake: wanaotoka Kipsitet au Kaitui kuteremkia Awasi, Ahero hadi Kisumu, ondokeni mapema mfike lango likifunguliwa. Anzeni na bembea, halafu mifugo na mbegu baadaye. Ng'ombe watakuwepo mchana, na hawana laini. Kama mnaweza kuchagua siku, epukeni Jumamosi.

Laini ya kulipa ndiyo inayochelewesha

Hapa ndipo sisi tunahusika, na ni vizuri tuseme wazi.

Tuseme malipo yanafanyika palepale kwenye ngazi ya kupanda, mmoja mmoja. Kila mtu anatoa simu, anauliza namba ya till, anabonyeza, anasubiri ujumbe. Hata ikichukua nusu dakika tu kwa kila mmoja, watoto 24 wanachukua dakika 12. Na gurudumu lenyewe linahitaji dakika 6! Mashine inakaa bure ikisubiri simu, na laini yenye watu 96 inageuka kutoka dakika 24 kuwa dakika 48.

Dawa yake ni kulipa mapema. Ukiwa mkiani mwa laini una dakika nyingi za kufanya jambo la nusu dakika. Uliza namba ya till ukifika, lipa ukiwa umetulia, na hifadhi ujumbe wa uthibitisho uonyeshe zamu yako ikifika. Kama una watoto wanne, lipia wote mara moja badala ya mara nne.

Wewe mwenye bembea, nawe ni mteja wetu. Andika namba yako ya till kwa herufi kubwa na uiweke mwisho wa laini, si kwenye ngazi peke yake. Weka kijana mmoja pale mkiani akithibitisha malipo na kugawa kadi zenye namba. Athibitishe kwenye simu ya biashara, si kwa kuangalia SMS ya mteja, kwa sababu SMS ya uongo inaweza kutengenezwa. Mashine isiyosubiri malipo inabeba watoto wengi zaidi kwa siku, na hayo ni mapato.

Ujanja wa tiketi za uongo nao si wa leo. Disneyland ya Marekani ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, watu wengi waliingia na tiketi bandia, umati ukazidi walioalikwa na huduma zikalemewa. Kwa hiyo mtu akikufuata nje ya lango na "tiketi ya bei nafuu", mpite tu. Nunua langoni au kwa njia iliyotangazwa na waandaaji.

Panga pesa kabla ya kutoka nyumbani

Pesa ya chai ama ya miwa haikuja kwa urahisi. Usiipeleke yote kwenye umati.

1. Toa nauli ya kurudi kwanza. Iweke pembeni kabla ya kupanga kitu kingine chochote, na uongeze kidogo, maana jioni ya shoo matatu huwa na bei zake.

2. Tumia laini mbili za simu kama unazo. Hamishia kwenye laini ya pili pesa ya siku hiyo tu. Pesa kubwa ibaki kwenye laini iliyobaki nyumbani, au kwenye akaunti ya akiba.

3. Weka au toa pesa kwa ajenti wa kwenu siku moja kabla. Ajenti wa karibu na lango ana laini yake pia, na mchana anaweza kuishiwa na pesa taslimu.

4. Beba taslimu kidogo ya vitu vidogo kama choo, maji na mahindi. Si kila muuzaji ana till.

5. Kubaliana na watoto idadi ya bembea kabla ya kufika. "Kila mtu mbili" ni rahisi kusema ukiwa nyumbani kuliko ukiwa mbele ya gurudumu.

Mtandao ukizubaa

Simu maelfu zikiwa uwanja mmoja zinagombania minara michache. Mtandao nao una laini yake! Unaweza kulipa na ujumbe ukachelewa. Hapo ndipo wengi hulipa mara ya pili.

Usirudie kabla ya kuangalia salio lako. Likiwa limepungua, malipo yamepita. Mwombe mwenye biashara aangalie kwenye simu yake. Kama salio liko vile vile, subiri kidogo halafu ndipo ujaribu tena. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa si la biashara unayolipia, ghairi. Na unapoweka PIN, funika simu kwa mkono. Aliye nyuma yako kwenye laini yuko karibu kuliko unavyodhani.

Ukipigiwa simu na mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja, urejeshaji ufanywe kwa njia rasmi. Walaghai wanapenda siku za umati kwa sababu wanajua hutakuwa na nafasi ya kutulia.

Watu wakibanana, achana na simu

Hili ndilo zito kuliko yote.

Sisi wa Kericho hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 20 Oktoba 2023, sherehe za Mashujaa zilipofanyika Kericho Green Stadium, watu walifika gizani kutafuta nafasi, na msukumano langoni ukasababisha vifo na majeruhi. Mwaka 2010 mashabiki 7 walikufa kwenye msukumano uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Hawa walikuwa watu waliotoka nyumbani kwenda kufurahia siku yao.

Wataalamu wa umati wanaeleza kwamba watu wakifika watano hivi kwenye mita moja ya mraba, hatari imeanza. Wakizidi hapo, mtu hachagui tena pa kukanyaga. Umati unamsukuma kama maji. Na wengi wanaokufa hawakanyagwi. Wanakosa hewa wakiwa wamesimama, kwa sababu kifua kimebanwa.

Kwa hiyo ukiona mabega yako yanagusa watu pande zote mbili, ondoka wakati bado unaweza. Mtoto mdogo mbebe. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia, ili upate nafasi ya kupumua. Usipigane na msukumo; ukitulia kidogo, sogea kishorobo kuelekea pembeni. Na kitu kikianguka, usiiname.

Hata kama ni simu. Tunasema hivi tukiwa kampuni ya malipo ya simu: pesa zako haziko ndani ya hicho kifaa. Ziko kwenye akaunti, na akaunti inalindwa na PIN yako. Ukitoka salama, azima simu, piga huduma kwa wateja, laini ifungwe. Kisha nenda dukani na kitambulisho urudishiwe namba yako kwenye kadi mpya, na salio lako utalikuta. Simu ina bei. Uhai wako hauna.

Kabla hamjaingia, mwandikie kila mtoto namba yako ya simu kwenye karatasi na uiweke mfukoni mwake. Chagueni mahali pa kukutana panapoonekana kwa mbali, kama mti mkubwa au tangi la maji, lakini si langoni, maana huko ndiko watu hubanana. Simu zikikataa kupita, jaribu SMS. Mara nyingi hupenya hata mtandao ukiwa umelemewa.

Shoo njema, na msalimie huyo fahali. Mkimaliza bembea mapema, mtapata muda wa kumwona.