Kura ya Kupanga Wagombea: Jinsi Chaguo la Pili Linavyoweza Kuamua Mshindi

Wapiga kura wa jimbo la Maine nchini Marekani hutumia mfumo unaowawezesha kuwapanga wagombea kwa chaguo la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea, badala ya kumchagua mgombea mmoja pekee. Mfumo huo uliidhinishwa na wananchi kupitia kura ya maoni ya Novemba 2016, na ulitumika kwa mara ya kwanza katika chaguzi za awali za vyama Juni 2018.

Miongoni mwa wanaopaswa kuuelewa ni raia wapya wanaozungumza Kiswahili, wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda, waliofanya makazi katika miji ya Portland na Lewiston.

Kabla ya mabadiliko hayo, mgombea aliyepata kura nyingi kuliko wenzake alitangazwa mshindi hata kama hakufikia nusu ya kura zote. Mwaka 2010, kwa mfano, Gavana wa Maine alichaguliwa kwa chini ya asilimia 40 ya kura, kwa kuwa kura zilizosalia ziligawanyika miongoni mwa wapinzani wake.

Kujaza karatasi ya kura

Majina ya wagombea huorodheshwa kutoka juu kwenda chini, na mbele ya kila jina huwekwa viduara vinavyowakilisha nafasi ya kwanza, ya pili na kuendelea. Mpiga kura hujaza kiduara cha nafasi ya kwanza kwa mgombea anayempenda zaidi, kisha kiduara cha nafasi ya pili kwa anayemfuata, hadi atakapotosheka.

Halazimiki kuwapanga wagombea wote. Aidha, kumpa mwingine nafasi ya pili hakumpunguzii kura mgombea wa kwanza, kwa sababu chaguo la pili halitazamwi maadamu yule wa kwanza bado yumo katika kinyang'anyiro. Vilevile, kurudia jina la mgombea mmoja katika nafasi zote hakumwongezei kura. Huhesabiwa mara moja tu.

Kuhesabu kwa duru

Katika duru ya kwanza huhesabiwa chaguo la kwanza pekee. Mgombea akipata zaidi ya nusu ya kura, uchaguzi umekwisha. Asipopatikana, karatasi au kumbukumbu zake za kielektroniki hupelekwa Augusta, makao makuu ya jimbo, ambako hesabu huendelea chini ya usimamizi wa ofisi ya Katibu wa Jimbo.

Huko, mgombea mwenye kura chache zaidi huondolewa, na kila karatasi iliyokuwa yake huhamia kwa mgombea anayefuata katika mpangilio wa mpiga kura huyo. Wagombea ambao kihesabu hawawezi tena kushinda huweza kuondolewa kwa pamoja. Katika kila duru, karatasi moja ni kura moja tu.

Mfano wa mwaka 2018

Uchaguzi wa Novemba 2018 wa kumpata mwakilishi wa wilaya ya pili ya Maine katika Baraza la Wawakilishi la Marekani ulidhihirisha uzito wa utaratibu huo. Katika duru ya kwanza Bruce Poliquin alipata kura 134,184, Jared Golden 132,013, Tiffany Bond 16,552 na William Hoar 6,875. Hakuna aliyefikia nusu.

Bond na Hoar waliondolewa kwa pamoja, na kura zao 23,427 zikaangaliwa upya. Kati ya hizo, 10,427 zilihamia kwa Golden na 4,747 kwa Poliquin. Golden akashinda kwa kura 142,440 dhidi ya 138,931, tofauti ya kura 3,509.

Kura 8,253 zilizobaki hazikwenda kwa yeyote kati ya hao wawili, kwa kuwa hazikuwa na chaguo halali lililosalia. Idadi hiyo ni zaidi ya mara mbili ya tofauti iliyoamua mshindi.

Hapo ndipo ilipo hoja ya wanaoupinga mfumo huo: nusu inayohitajika ni ya kura zilizosalia katika duru ya mwisho, si ya kura zote zilizopigwa. Poliquin alipeleka shauri katika mahakama ya shirikisho, lakini Desemba 2018 Jaji Lance Walker aliamua kuwa mfumo huo haukiuki Katiba ya Marekani.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kuwapa wagombea wawili nafasi moja. Hesabu ikifika kwenye nafasi hiyo, karatasi haiendelei tena. La pili ni kuruka nafasi mbili au zaidi mfululizo, jambo ambalo nalo huifanya karatasi isihesabiwe kuanzia hapo. Kuruka nafasi moja hakuharibu kura, kwani huangaliwa chaguo linalofuata. Anayegundua kosa kabla ya kuitumbukiza karatasi anaweza kuirudisha kwa msimamizi wa kituo na kupewa nyingine.

Mahali unapotumika

Maine hutumia mfumo huu katika chaguzi za awali za vyama na katika uchaguzi mkuu wa nafasi za shirikisho, ukiwemo wa Rais tangu 2020. Hautumiki katika uchaguzi mkuu wa Gavana na wabunge wa jimbo, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Maine ilitoa maoni mwaka 2017 kwamba Katiba ya jimbo inampa ushindi aliyepata kura nyingi kuliko wenzake.

Kwa hiyo, siku moja ya uchaguzi mpiga kura anaweza kutakiwa kuwapanga wagombea wa nafasi moja na kumchagua mmoja tu kwa nyingine. Ni vyema asome maelekezo ya kila karatasi kabla ya kuijaza.