Marudio Marefu Kuliko Yote: Rekodi Kumi, Kuanzia Mto Mara

Mpwa wangu anaishi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Likizo iliyopita nilimkuta mbele ya skrini, pedi mkononi, uso umemvimba kwa kuchoka. Alikuwa ametimiza saa ya 60 katika mojawapo ya zile gemu za uhusika, ambamo mchezaji huvaa nafsi ya shujaa, hupanda ngazi moja baada ya nyingine na kufuata hadithi isiyoonekana mwisho.

"Mjomba," akaniambia, "kila nikifika kijiji kipya ni yaleyale. Ua mbwamwitu kumi, leta mizizi mitano, rudi uchukue zawadi. Hivi gemu ndefu zote zinachosha namna hii?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lake ni zito, na sisi wa Tarime na Serengeti hatuna udhuru wa kulikwepa, kwa kuwa tumezaliwa kando ya marudio mashuhuri kuliko yote duniani. Nimekusanya rekodi kumi za vitu virefu vinavyojirudia, vingine vya kwetu, vingine vya mbali, na kila kimoja nimekiuliza swali la kijana yule.

1. Mzunguko mashuhuri kuliko yote: nyumbu wa Serengeti

Kwa hesabu zilizozoeleka, nyumbu zaidi ya milioni moja, wakisindikizwa na pundamilia wapatao 200,000, huzunguka kila mwaka njia ya kilomita 800 na zaidi. Huzaa kwenye nyanda za majani mafupi za kusini, upande wa Ndutu, mnamo Februari, na ndama husimama dakika chache tu baada ya kudondoka. Kisha hupanda kuelekea mto Grumeti, na kati ya Julai na Oktoba huvuka mto Mara pale Kogatende. Mwaka ukigeuka, wanaanza upya.

Ukiiandika safari hii kama orodha ya kazi za gemu, yaani kula, kutembea, kuvuka, kuzaa na kurudia, utaona hakuna kazi ya kuchosha kuishinda. Lakini hakuna misimu miwili inayofanana, kwa sababu anayeongoza ni mvua, na mvua haina kalenda. Tena kila duru ina bei yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba nyumbu wapatao 6,250 hufa maji kila mwaka katika mto Mara, na mizoga yao hulisha mamba, tai na samaki. Kundi lenyewe nalo hubadilika. Mwaka 1961 walikuwa takribani 260,000 tu, kwa sababu ya ugonjwa wa sotoka uliotoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi walipochanjwa, nyumbu waliongezeka hadi kupita milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Njia ni ileile, ila anayeipita leo siye aliyeipita jana.

2. Mashine ya gemu iliyouzwa kuliko zote: PlayStation 2

Ilitoka mwaka 2000, na Sony imeuza mashine hizo zipatazo milioni 160. Ndiyo iliyofungua vibanda vya gemu katika miji mingi yetu, na vibanda hivyo vikatufundisha kupenda gemu fupi. Kibandani unalipia mechi au muda, na nyuma yako kuna foleni ya vijana wanaokuhesabia dakika. Mpira unafaa hapo: mechi inakwisha, anayefungwa anampisha mwingine. Gemu ya saa 60 haina nafasi. Ndiyo maana wengi wetu tulionja gemu ndefu kwa mara ya kwanza kupitia San Andreas ya mwaka 2004, ambamo mhusika hula, hunenepa, huenda kujenga misuli na kupanda uwezo kwa mazoezi. Tuliirudia misheni moja mara kumi bila kuchoka, kwa sababu jirani alikuwa amekaa pembeni akituelekeza na kutubishia.

3. Dunia kubwa kuliko zilizo nyingi: Daggerfall

Gemu hii ya uhusika ya kampuni ya Bethesda, ya mwaka 1996, inatajwa kuwa na ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 161,600. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, kwa hiyo hifadhi kumi zingeingia humo na nafasi ikabaki. Miji, vijiji na mapango yake yamezidi 15,000.

Hakuna mikono ya watu iliyoweza kujenga vyote hivyo. Sehemu kubwa ilipangwa na kompyuta kwa kufuata kanuni, na hapo ndipo mpwa wangu alipo na hoja. Mji wa mia unafanana na wa kumi, na mwenye duka wa huku anasema aliyoyasema mwenye duka wa kule. Anayetoka Tarime mjini kwenda Nyamongo, kisha akashuka Mugumu, hubadilishiwa udongo, lafudhi na hata maamkizi kwa safari ya siku moja. Ukubwa usiobadilisha chochote ndio huo unaoitwa uchovu.

4. Subira kubwa kuliko zote: ngazi ya 99 mlangoni

Katika Final Fantasy VII, gemu ya Kijapani ya mwaka 1997, hadithi huanzia kwenye kinu cha nishati cha mji wa Midgar. Mchezaji wa kawaida hukimaliza kinu hicho chini ya nusu saa. Mchezaji anayejulikana kwa jina la CirclMastr aliamua kutotoka humo mpaka mashujaa wake wafike ngazi ya 99, ya juu kabisa. Maadui wa pale mwanzoni ni wanyonge, nao humwongezea mchezaji uzoefu kiduchu. Alimaliza Januari 2015, baada ya zaidi ya saa 500 za kuwapiga wale wale. Kwa kazi ya saa nane kwa siku, hiyo ni zaidi ya miezi miwili bila Jumapili.

Alianza kwa sababu mtu mwingine aliahidi hadharani kuifanya kazi hiyo, kisha akasuasua. Kwa hiyo aliichagua mwenyewe, na alijua pa kuishia. Kazi ileile angeamriwa na gemu ingekuwa adhabu.

5. Uchumaji mrefu kuliko wote: Doubleagent

World of Warcraft, iliyoanza Novemba 2004, ilifikisha wateja milioni 12 mwaka 2010. Humo kila mhusika hutakiwa kuchagua upande mmoja kati ya pande mbili zinazopigana. Mchezaji mmoja alimwita mhusika wake Doubleagent na akakataa kuchagua. Alibaki kisiwa cha kuanzia, akichuma majani ya dawa na kuchimba madini, mpaka akafika ngazi ya 90 mwaka 2014. Ilimchukua zaidi ya siku 170 za mchezo, saa 24 zikihesabiwa kila siku.

Wengi wataona umri uliopotea. Mimi naona mtu aliyegoma vita kwa jembe. Ua alilolichuma mara ya elfu lilikuwa neno lilelile alilolisema mara ya kwanza, "sipigani", na neno hilo liliongezeka uzito kila alipolirudia.

6. Pambano refu lililokosa mshindi: Pandemonium Warden

Agosti 2008, kikundi cha wachezaji wa Final Fantasy XI kilipambana na zimwi la jina hilo kwa zaidi ya saa 18 mfululizo. Baadhi walianza kutapika na kuzirai, wakaamua kuacha. Zimwi lilibaki limesimama. Watengenezaji baadaye walibadili pambano hilo lisiweze tena kuvuka saa mbili. Kuna marudio ambayo hayapimwi kwa raha wala kuchosha, kwa kuwa yanaugusa mwili wenyewe. Mzazi anayemwambia mtoto akalale hajamnyima kitu.

7. Gemu iliyotengenezwa ichoshe: Desert Bus

Wanamazingaombwe wa Marekani Penn na Teller walishiriki kuibuni katikati ya miaka ya 1990, wakijibu lawama kwamba gemu zina vurugu mno. Unaendesha basi tupu jangwani kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa nane halisi. Basi linavuta kulia muda wote, kwa hiyo huwezi kuiacha pedi. Ukifika unapata pointi moja, kisha unarudi ulikotoka.

Abiria wa Dar es Salaam kwenda Sirari huketi saa nyingi kuliko hizo, lakini dirishani mwake hupita Dodoma, Singida na Shinyanga, kisha ziwa pale Lamadi, kisha Bunda, hadi daraja la Kirumi juu ya mto Mara linapomwambia kwamba nyumbani kumekaribia. Na tangu mwaka 2007, kikundi cha wachekeshaji wa Kanada kimekuwa kikiicheza gemu hiyo kwa siku kadhaa kila mwaka, ili kuchangisha fedha za kuwafariji watoto waliolazwa hospitalini. Zimepatikana mamilioni ya dola. Jangwa na basi ni vilevile, ila sasa kuna mtoto anayengoja huko mbele.

8. Utenzi mrefu miongoni mwa tenzi zetu: Rasi 'lGhuli

Mgeni bin Faqihi aliutunga katika karne ya 19, nao una zaidi ya beti 4,000. Sheria ya utenzi ni kali: vipande vinne kwa kila ubeti, mizani nane kwa kila kipande, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Kwa karatasi tu, ungedhani ni kinu kinachotwanga bila nafaka. Anayesikia ukighaniwa hahesabu mizani. Mizani inamshika kama mkono wa mwenyeji gizani, naye anajiachia asikilize vita na hila zinazosimuliwa. Hapo marudio ni njia, na habari ndiye msafiri.

9. Mojawapo ya ala kubwa kuliko zote za nyuzi Afrika Mashariki: iritungu

Wakurya wa Tarime na Serengeti wana iritungu, ala ya nyuzi nane yenye mwili mpana uliowambwa ngozi, ambayo kwa ukubwa hushindana na obokano ya jirani zetu Wakisii. Sauti yake ni nzito, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mpigaji hushika mkondo mmoja mfupi na kuurudia usiku kucha, huku wachezaji wakikanyaga ardhi kwa ibirandi, viatu vya mbao vinene.

Mgeni husema wimbo ni mmoja. Mwenyeji anajua kwamba juu ya mkondo ule mwimbaji anamtaja aliyeingia sasa hivi, anamsifu mwenye nyumba, anamkumbusha mtu jambo alilolisahau. Mkondo ukibadilika ovyo, maneno yatakosa pa kusimama.

10. Mchezo mrefu zaidi na majina yanayorudi

Robert Wardhaugh, profesa wa historia katika mji wa London, Ontario, Kanada, amekuwa akiongoza mchezo mmoja wa uhusika wa mezani tangu mwaka 1982, kwa msingi wa kanuni za Dungeons & Dragons zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1974. Gemu zote za kompyuta za kupanda ngazi ni watoto na wajukuu wa kanuni hizo. Kwake mhusika akifa hafufuki, na dunia inaendelea bila yeye. Miaka zaidi ya 40 imepita na watu bado wanakuja kuketi mezani.

Jambo hilo halimshangazi Mkurya. Kwetu kila mtu huzaliwa katika ikora, kizazi chenye jina. Upande mmoja wana Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Upande wa pili wana Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Majina ni manne kila upande, na mtoto hupokea linalofuata lile la baba yake. Kwa hiyo jina la mzee humrudia kilembwe wake, mtoto wa kitukuu. Mzunguko mmoja unakula zaidi ya karne. Jina linarudi likiwa na kazi mpya ya kufanya.

Jibu langu kwa mpwa

Nilirudi Mugumu na daftari hili. Nilimwambia kwamba urefu hauna kosa. Saa 60 zinaweza kuwa chache, na dakika kumi zikawa nyingi. Marudio hubaki hai yakiwa na bei, au mvua isiyotabirika, au mtu anayengoja mbele, au sauti mpya juu ya mkondo wa zamani. Yakikosa vyote hivyo, gemu inakulisha makapi na kuyaita safari.

"Kwa hiyo niache?" akauliza. "Mjomba, saa 60 zote zile zipotee?"

Nikamkumbusha nyumbu. Ametembea mamia ya kilomita na amevuka mto wenye mamba mpaka akafika Lamai. Majani ya Lamai yakiisha, hasimami pale kwa kuhesabu aliyoyapitia. Anainua kichwa, ananusa mvua iko upande gani, anaondoka. Na mwakani, majani yakiota tena, hatasita kurudi.

Kijana alisevu, akazima mashine, akatoka nje.