Kadre ya kinga ikipasuka mbali na mji: chuma ao aluminiumu?

Wengi kati yetu wanatamani ile kinga nyepesi ya aluminiumu, sababu kwenye mlima haichoshe sana. Ni kweli, kwa kipimo kile kile chuma ni kizito karibu mara 3. Lakini mwenye kwenda safari ya siku nyingi ajiulize kwanza: kadre ikipasuka porini, nani ataitengeneza?

Kadre ya chuma, karibu kila fundi wa kusude ataiweza. Wachuuzi wetu wanaosukuma magunia kwa kinga wanajua hiyo: kadre imeungwa mara mbili tatu, na ingali inabeba. Fundi anatoa rangi na kutu, anatia unga wa boraksi, anapasha moto. Chuma kinakuwa chekundu, kiisha kama chungwa, na ile rangi inamwambia moto umefika wapi. Shaba ya manjano inayeyuka karibu na digri 900, chuma karibu na 1500. Kwa hiyo shaba inaingia ndani ya ufa na bomba haliyeyuki. Kwa umeme aangalie sana, sababu mabomba mengine hayafiki milimita 1 ya unene, yanatoboka mara moja.

Aluminiumu ni mambo ingine. Inayeyuka karibu na digri 660, tena haibadili rangi: fundi anangojea wekundu, kumbe bomba limekwisha kuanguka kama uji. Juu yake kuna ngozi nyembamba isiyoyeyuka mpaka kupita digri 2000, nayo inazuia kushikana. Inaomba mashine maalum na gazi ya argoni. Hata ikishikana, pembeni ya pale nguvu inapungua, mara nyingi karibu nusu, mpaka kadre nzima ipashwe tena ndani ya tanuru. Haya, kijiji gani kina tanuru hiyo?

Basi, ukiwa nayo njiani, toboa tundu dogo pale ufa unapoishia, ili usiendelee upesi. Weka kando ya bomba kipande cha chuma ao mti mgumu, funga kwa mpira wa ndani uliokatwa kama kamba, ukivuta kwa nguvu. Mizigo ipande lori. Kwenye mtelemko shuka, usukume kwa mkono. Na ufa ukiwa karibu na usukani, usipande kabisa, hata pa tambarare.