Tathmini Ianze kwa Mwenye Ulemavu Mwenyewe

Taarifa nyingi za huduma kwa watu wenye ulemavu huanza na idadi: waliofikiwa, waliopewa vifaa, waliohudhuria semina. Kwa mtu mzima aliyezaliwa na ulemavu wa akili, namba hizo hazisemi lolote. Huenda kiti cha magurudumu hakihitaji, na semina anaweza kukaa hadi mwisho akatoka kama alivyoingia. Cha kupima ni kama maisha yake yamebadilika.

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, kazi hii ya kupima ni ngumu zaidi kwa kuwa huduma zina njia mbili. Kambi ya Nyarugusu, iliyopokea Wakongo tangu 1996, na ile ya Nduta, iliyofunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi, zimetegemea mashirika na wafadhili; fedha ikipungua, huduma hupungua. Vijijini mzigo ni wa familia, ikisaidiwa na afisa ustawi wa jamii. Ipo ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini, na ipo asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Mtathmini asiishie kwenye orodha ya waliopokea. Afuatilie fedha hiyo ilishikwa na nani, ikanunua nini, na mhusika mwenyewe alishauriwa au la.

Kumhoji mhusika kuna ufundi wake. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Carol Sigelman na wenzake, walionyesha kwamba watu wenye ulemavu wa akili wanapoulizwa maswali ya ndiyo au hapana, huelekea sana kujibu ndiyo, hata pale majibu yanapopingana. Kwa hiyo “Unapenda hapa?” ni swali bovu. Mwekee picha mbili mezani, moja ya shamba la maharage na nyingine ya mabanda ya kuku, kisha mwambie aoneshe anakotaka kufanya kazi. Baadaye zibadilishe nafasi, umwulize tena. Akigusa ileile, umepata jibu. Akigusa upande uleule wa meza, bado hujapata.

Mama naye atataka kujibu kwa niaba yake, na ana haki ya kusikilizwa, maana ndiye aliyemlea miaka yote. Mwambie kwa heshima: “Mama, naomba nianze naye, kisha nitakuja kwako.” Ukifika zamu yake, muulize lile ambalo madodoso mengi hulikwepa: yeye akizeeka au akifariki, nani atabaki na mwanawe? Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kikuu cha huduma za watu wazima. Mradi uliomfundisha mtu kufuga kuku lakini haukumtafutia ndugu au jirani wa kusimama naye haujafaulu, hata kama kuku wanataga.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 imeagiza kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tathmini iulize pia kama kamati hizo zinakutana, na kama zina mjumbe anayeishi na mtu mwenye ulemavu wa akili nyumbani kwake.

Maafisa mnaoandaa taarifa ijayo, Kibondo na Kasulu, ongezeni safu moja tu: mhusika mwenyewe alisema nini, na aliulizwa vipi. Safu hiyo ikibaki tupu, msiandike kwamba amehudumiwa.