Mwenye kisukari, usifunge bila kupima

Huku Chiungutwa wapo wagonjwa wa kisukari wanaofunga Ramadhani bila kupima, wakidhani tone la damu linabatilisha saumu. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa kuchoma kidole kwa ajili ya kipimo hakubatilishi.

Stripu ya kupimia ina kemikali inayokutana na sukari ya damu na kutoa umeme mdogo, nao ndio mashine inaousoma. Ukishaitumia, tupa. Kopo lifungwe vizuri, kwani unyevu huziharibu. Kipo pia kipimo cha kubandika mkononi, kinachosoma majimaji ya chini ya ngozi usiku na mchana hadi siku 14, kisha hutupwa. Bei yake ni kubwa, stripu zitakusaidia.

Shika namba mbili. Sukari ikishuka chini ya 3.9, futuru hapo hapo kwa maji ya sukari, hata kama Magharibi imekaribia. Ikizidi 16.6, futuru kwa maji matupu, uende zahanati. Ukitetemeka na kutoka jasho nawe huna kipimo, futuru. Al-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa. Usiikatae.