Umelipa Arubuni ya Gari la Zamani, Kisha Muuzaji Akabadili Mawazo: Ufanye Nini?

Tuseme hivi. Umetafuta Peugeot 504 kwa miezi mingi. Kwako hilo si gari tu. Ndilo lililokuwa likikupeleka ushago ukiwa mdogo, na wazee bado wanasimulia jinsi lilivyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Siku moja tangazo linatokea kwenye simu yako: 504 nyeupe, iko Nakuru, bei KSh 480,000. Unapiga simu, mzee mwenye gari anakujibu vizuri, mnaelewana bei. Unamtumia KSh 50,000 ya kushikilia gari. Unamlipa fundi KSh 6,000 aende akalikague, naye anasema liko sawa.

Ijumaa jioni, umeshapanga safari ya kulichukua, meseji inaingia: "Kijana wangu, samahani sana. Nimeongea na watoto na hiyo gari haitauzwa tena."

Moyo unaruka. Pesa zako ziko kwake, gari liko kwake, na wewe umebaki na meseji. Watu wengi wakifika hapo hufanya mambo mawili kwa haraka: wanamtumia muuzaji maneno makali, kisha wanajaribu kurudisha muamala. Yote mawili yanaweza kukuumiza. Wacha tuangalie ni kwa nini, halafu tuone njia iliyo bora.

Usiseme ulituma kwa nambari isiyo sahihi

Huduma ya kurudisha muamala iko kwa ajili ya makosa. Ulitaka kumtumia dada yako, kidole kikateleza, pesa zikaenda kwa mtu usiyemjua. Haikuwekwa kwa ajili ya makubaliano yaliyovunjika. Ulipomtumia yule mzee KSh 50,000, uliona jina lake, ukakubali, ukaweka PIN. Hukukosea.

Ukidai kwamba ulikosea, kwanza unasema uongo. Pili, na hili watu wengi hawalifikirii, unaharibu kesi yako mwenyewe. Nguvu yako iko katika kusema, "Nilimlipa kwa sababu tulikuwa tumeuziana gari." Sasa utasemaje hivyo na kuna ombi lako linalosema pesa zilienda kwake kwa bahati mbaya? Muuzaji akiwa mjanja, atalishika hilo neno lako na kuuliza: mkataba gani, na wewe mwenyewe ulisema ulikosea nambari?

Kwa hivyo acha muamala ulivyo. Huo ndio ushahidi wako mkubwa: jina, tarehe, saa, kiasi na nambari ya muamala.

Je, mlikuwa mmeuziana kweli?

Kabla ya kukasirika, jiulize mlikuwa mmefika wapi. Tangazo ni mwaliko tu. Kumuuliza muuzaji "Bado iko?" naye akajibu "Iko, bei tutaongea" si kuuziana. Kama mlikuwa bado mnavutana bei na hakuna pesa iliyotoka, muuzaji ana haki ya kusema hauzi tena. Inauma, lakini hajakukosea kisheria.

Mambo hubadilika mkishakubaliana ni gari gani na bei gani, na wewe ukatoa kitu cha kufunga makubaliano. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema mauzo ya bidhaa za thamani ya KSh 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani mpaka kuwe na moja kati ya haya: mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni au sehemu ya malipo, au kuna maandishi ya makubaliano yaliyotiwa sahihi na yule anayedaiwa.

Ile KSh 50,000 yako, ambayo mtaani tunaiita tu "pesa ya kushikilia", ndiyo arubuni yenyewe. Inaonyesha kwamba pande zote mbili zilishaacha kuongea na zikaanza kuuziana. Mzee akivunja makubaliano hapo, hana sababu ya kukaa na pesa yako.

Kwa nini gari la zamani huleta shida zaidi

Muuzaji akikuangusha kwenye gari la kawaida, unaweza kutafuta lingine kama hilo wiki ijayo. Gari la zamani si hivyo. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika ambayo yana zaidi ya miaka 8, kwa hivyo huwezi kuagiza 504 nyingine Japani. Yaliyopo ni yale yaliyobaki nchini, na mazima ni machache.

Hii pia ndiyo sababu wauzaji hubadili mawazo. Wengine hupata mnunuzi mwingine aliyeongeza pesa. Wengine hugundua wanalipenda gari kuliko walivyodhani. Na wengine hawakuwa na uwezo wa kuuza tangu mwanzo. Gari la miaka 40 mara nyingine bado limeandikishwa kwa jina la baba aliyefariki, na watoto hawajaenda mahakamani kupata kibali cha kusimamia mali yake. Mmoja anatangaza kuuza, mwingine anakataa. Bila kile kibali, hata wote wakikubali, gari haliwezi kuhamishwa kihalali kuja kwa jina lako.

Kwa hivyo unapomjibu muuzaji, kwanza jua sababu. Jibu la mtu aliyepewa bei nzuri zaidi na la mtu ambaye familia imemzuia si moja. Lakini katika hali zote mbili, pesa yako inafaa kurudi.

Hatua za kuchukua siku hiyo hiyo

Kwanza, hifadhi kila kitu. Piga picha ya skrini ya tangazo kabla halijafutwa, mazungumzo yote ya WhatsApp, meseji ya muamala, na risiti ya fundi. Omba taarifa ya akaunti yako ya pesa za simu inayoonyesha malipo hayo. Usifute mazungumzo yaliyo kwenye simu hata kama umeshapiga picha.

Pili, mpigie simu kwa heshima. Wengi hurudisha pesa wakiulizwa vizuri. "Mzee, nimekuelewa. Naomba tu unirudishie ile pesa niliyotuma." Akisema ameshaitumia kiasi, mkubaliane tarehe.

Tatu, yale mliyosema kwa simu yaweke kwa maandishi. Mtumie meseji kama hii:

"Habari Mzee. Tarehe 3 tulikubaliana uniuzie Peugeot 504 kwa KSh 480,000, na siku hiyo nikakutumia arubuni ya KSh 50,000. Leo umeniambia hutaiuza tena. Naomba unirudishie KSh 50,000 kwa nambari hii kabla ya tarehe 20, pamoja na KSh 6,000 niliyomlipa fundi. Asante."

Hapo hakuna tusi wala vitisho. Kuna tarehe, gari, bei, pesa na siku ya mwisho. Mtu yeyote atakayesoma baadaye, hata hakimu, ataelewa kilichotokea.

Nne, pesa zikirudi, angalia salio lako mwenyewe. Usiamini meseji aliyokutumia kwa WhatsApp ikionyesha kwamba ametuma. Na mtu akikuambia utume kwanza "ada ya kurudishiwa", jua hapo unaibiwa mara ya pili.

Akikataa kurudisha

Hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya mwaka 2016, na inasikiza madai ya hadi KSh 1,000,000, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Si lazima uwe na wakili, unaweza kujisimamia. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa.

Unaweza kudai nini? Arubuni yako, hilo la kwanza. La pili ni hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa makubaliano. Kipimo cha kawaida ni tofauti kati ya bei mliyokubaliana na bei ya soko. Kama mlikubaliana KSh 480,000 na 504 za hali hiyo zinauzwa KSh 550,000, tofauti ni KSh 70,000. Lazima uthibitishe, kwa hivyo hifadhi matangazo ya magari yanayofanana na hilo. Pesa ya fundi pia unaweza kuiomba, ukiwa na risiti.

Na gari lenyewe je? Sheria inaipa mahakama uwezo wa kuamuru muuzaji atoe bidhaa iliyotambulishwa hasa, na gari la kipekee ni mfano mzuri. Lakini hilo ni kwa hiari ya mahakama, na pale fidia ya pesa inapotosha, mahakama kwa kawaida huishia hapo. Kama unalitaka gari lenyewe na si pesa, ongea na wakili kabla ya kupokea arubuni yako. Ukiipokea na kuandika "sawa, tumemalizana", huenda umefunga mlango huo.

Na kama hakukuwa na gari?

Kubadili mawazo ni tofauti na utapeli. Kama muuzaji amekuzuia kwenye simu, tangazo limefutwa, na ile nambari ya usajili aliyokupa ni ya gari la mtu mwingine, usingoje. Tuarifu mara moja kupitia nambari rasmi ya huduma kwa wateja, ukiwa na nambari ya muamala, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe ripoti na upewe nambari ya OB. Kila saa inahesabika, manake pesa zikishatolewa ni vigumu kuzifuata.

Lakini usimwite mwizi mtu aliyebadili mawazo na bado anashika simu yako. Polisi si wakusanyaji wa madeni.

Wakati mwingine, kabla ya kutuma shilingi moja

Kuna mambo matano yatakayokuokoa.

Fanya utafutaji wa rekodi ya gari katika mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mmiliki. Ukiona pia jina la benki au mkopeshaji, jua kuna deni.

Linganisha majina. Jina linalotokea kwenye simu yako unapotuma pesa lifanane na lile la kwenye rekodi. Kama ni broka au mtoto wa mwenye gari, omba uongee na mwenyewe.

Andikeni masharti ya arubuni. Meseji moja inatosha: ni gari gani, bei gani, arubuni kiasi gani, gari litashikiliwa mpaka lini, na nani anapoteza nini akitoka. Swali hili la mwisho watu huliogopa, lakini ndilo muhimu kuliko yote. "Mimi nikiacha, utabaki na KSh 10,000 na kunirudishia zilizobaki. Wewe ukiacha, unanirudishia zote ndani ya siku 3, pamoja na pesa ya fundi." Subiri ajibu "Nimekubali" kabla ya kutuma.

Tuma arubuni ndogo. Arubuni kazi yake ni kuonyesha nia, si kulipa nusu ya gari.

Malizia malipo pamoja na uhamisho. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, na mnunuzi hukubali kwenye yake. Kaeni pamoja, gari likiwa hapo, na pesa kubwa itoke wakati huo. Funguo peke yake hazikufanyi mwenye gari.

Na wewe unayeuza

Kama ni wewe unauza gari la mzee au la marehemu baba, ongea na familia kabla ya kupiga picha za tangazo. Usichukue arubuni ya watu wawili. Ukipokea arubuni, iache kwenye akaunti mpaka uhamisho uishe. Ukibadili mawazo, rudisha siku hiyo hiyo na uandike meseji fupi ya kuomba radhi. Ukifanya hivyo mapema, kwa kawaida mambo huishia hapo.

Simu yako inaweza kupeleka pesa Nakuru kwa sekunde chache. Haiwezi kumlazimisha mtu atimize neno lake. Kazi hiyo inafanywa na ile meseji moja mnayoandikiana kabla ya kuweka PIN.