Kompyuta za Kazini (3): Bi Belville na Saa ya Greenwich

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga rasmi msaada wa kawaida wa Windows 10, na tangu hapo swali moja limezidi kuulizwa katika ofisi za London: je, kazi ya kusasisha kompyuta iachiwe mitambo, au kila mfanyakazi aendelee kubonyeza kitufe anapopata nafasi? Wasomaji wa makala mbili zilizotangulia wanajua tayari sasisho ni nini na wadukuzi hupenyea wapi, kwa hiyo sitarudia. Jibu langu ni kwamba iachiwe mitambo, ila mitambo hiyo iwe na msimamizi anayejulikana kwa jina. Jiji hili lilikwisha kukutana na jambo hilo zamani, lilipokuwa likigawa saa.

Tangu mwaka 1833, mpira mkubwa juu ya paa la Royal Observatory, Greenwich, hushuka kila siku saa saba kamili mchana. Uliwekwa ili manahodha waliotia nanga mtoni Thames wapime saa zao, kwani saa ikikosea, nahodha hukosea pia mahali alipo baharini. Lakini fundi saa wa katikati ya jiji hakuuona mpira ule. Mwaka 1836 John Henry Belville, msaidizi pale Observatory, akaanza kuwapelekea wateja wapatao 200 saa sahihi, akiibeba katika kronomita ya mfukoni iliyotengenezwa na John Arnold. Alipofariki mwaka 1856, mjane wake Maria aliishika kazi. Mwaka 1892 akaipokea binti yao, Ruth.

Bi Ruth Belville alipanda Greenwich kila wiki. Kronomita yake, aliyoiita Arnold, ililinganishwa na saa kuu, naye akapewa cheti chenye kuonyesha imepishana kwa kiasi gani. Ndipo alipozunguka mjini, mteja kwa mteja.

Wakati huo waya za telegrafu zilikwisha kuingia kazini. Tangu 1852 saa ya umeme ya Charles Shepherd ilikuwa ikipeleka majira ya Greenwich hadi kwenye reli, na baadaye Standard Time Company ikawauzia wenye maduka na ofisi huduma ya kurekebisha saa zao kwa umeme. Mwaka 1908 St John Wynne wa kampuni hiyo alimshambulia Bi Belville hadharani. Hakutetereka, aliendelea hadi 1940, akiwa na umri wa miaka 86. Mimi naamini alidumu kwa sababu alifika mwenyewe, na cheti mkononi. Waya ulishinda kwa kasi, na ulistahili kushinda. Uaminifu wa Bi Belville ndio ambao hatukupaswa kuuacha nyuma.

Tazameni yaliyotokea uaminifu kama huo ulipokosekana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu mkubwa wa Windows. Hospitali za Uingereza zilitahadharishwa Machi na tena Aprili. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikaingia. Barts Health, inayohudumia mashariki ya London, ilikuwa miongoni mwa walioathirika, na wagonjwa wa dharura wakaelekezwa kwingine. Ukaguzi wa serikali ulikuta kwamba kila taasisi ya afya iliyoambukizwa ilikuwa na Windows isiyotiwa kiraka au iliyokwisha kukosa msaada. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa aliyeumia ni mgonjwa asiyejua hata neno sasisho.

Wapo watakaonijibu kwa tarehe 19 Julai 2024, ambapo sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilizima kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, likavuruga hata zahanati za hapa. Kweli, lilijisambaza lenyewe. Kosa lilikuwa kulipeleka kwa wote kwa mkupuo. Utaratibu mwema ni kuanza na kompyuta chache za majaribio, kisha idara moja, kisha ofisi nzima, huku mtu akisoma ripoti kila hatua na akiwa na uwezo wa kusimamisha. Mpango wa Uingereza wa Cyber Essentials unataka viraka vya hatari kubwa viwekwe ndani ya siku 14. Muda huo unatosha kujaribu, na hautoshi kulala.

Kwa hiyo, wakuu wa ofisi, msimuulize fundi wenu wa kompyuta kama masasisho yamewashwa. Mwambieni awaletee orodha ya mashine zilizokataa kusasishwa, na sababu ya kila moja. Data za watu mlizonazo ni amana, na amana haitunzwi kwa kudhani.